Taurini: mwongozo kamili kabla hujanunua kopo, na kabla hujafungua enaji nyingine

Siku hizi hapa Tanga watu wanaoulizia taurini ni wengi na wanakuja kwa njia mbili tofauti kabisa. Wa kwanza ni vijana wa jimu na wale wa kukimbia asubuhi kule Raskazone, wameona mtu kwenye simu anasema taurini inarudisha ujana, wanataka kopo leo leo. Wa pili ni akina mama ambao kijana wao anaendesha bodaboda usiku, anapiga enaji tatu nne mpaka alfajiri, moyo unamdunda, sasa mama kasoma kopo kaona neno taurini anataka kujua ndo hiyo inayomuumiza mwanawe au vipi. Mimi nakaa kaunta ya duka la dawa huku Ngamiani kwaiyo wote wananifikia, na jibu ninalowapa ni moja: kwa mtu mzima mwenye figo nzima, taurini peke yake ina hatari ndogo na faida ndogo pia, hatari kubwa iko kwenye vitu vinavyochanganywa nayo, alafu kuna watu ambao hawatakiwi kuigusa kabisa bila daktari. Mengine yote hapa chini ni kukusaidia ujue wewe uko upande gani.

Kwanza ujue unachomeza

Taurini sio dawa ya ajabu kutoka mbali, unayo mwilini hapo ulipo. Ini lako linaitengeneza kutoka kwenye asidi amino mbili (vile vipande vinavyojenga protini), methionini na sisteini, kwa msaada wa vitamini B6. Mtu wa kilo 70 anaweza kuwa na taurini inayokaribia gramu 70 mwilini, nyingi iko kwenye misuli, moyo, ubongo na ile ngozi ya ndani ya jicho inayopokea mwanga. Kazi zake ni kama hizi: inaungana na nyongo ili mafuta ya chakula yayeyuke, inaweka sawa maji na chumvi ndani ya seli, na inasaidia kusimamia kalsiamu ambayo ndo inafanya moyo na misuli ikaze na kuachia.

Walioigundua ni Wajerumani wawili, Friedrich Tiedemann na Leopold Gmelin, mwaka 1827, waliitoa kwenye nyongo ya ng'ombe. Kutoka hapo ndo watu wakazusha kwamba inatolewa kwenye mbegu za dume la ng'ombe. Hapana jamani. Taurini ya kwenye makopo na vidonge inatengenezwa kiwandani kwa kemikali, hamna mnyama ndani yake. Kwa sisi Waislamu wa pwani swali la halali liko sehemu nyingine ambayo watu hawaiangalii: ganda la kapsuli. Maganda mengi ni ya jelatini, na jelatini inaweza kuwa ya nguruwe, kwaiyo tafuta iliyoandikwa halali au ganda la mimea, au nunua poda tupu.

Wauzaji wanapenda kukutisha na "upungufu wa taurini". Upungufu wa kweli unajulikana sana kwa paka, kwa sababu paka hawezi kujitengenezea ya kutosha, akikosa kwenye chakula anapofuka na moyo wake unatanuka, na mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba moyo ule unaweza kurudi akipewa taurini. Wewe sio paka, ini lako linafanya kazi hiyo. Hata anayekula ugali na maharage wiki nzima anajitengenezea, ingawa kweli wasiokula nyama wala samaki kabisa huwa na kiwango cha chini kidogo kwenye damu. Watoto wachanga ndo uwezo wao wa kutengeneza ni mdogo, lakini maziwa ya mama yana taurini na ya kopo ya watoto huwa imeongezwa.

Faida: ipi ina ushahidi na ipi ni ya matangazo

Yenye ushahidi mzuri kidogo ni presha. Mwaka 2016 Wachina walitoa matokeo ya watu 120 ambao presha yao ilikuwa inaanza kupanda ila haijawa ugonjwa, wakapewa gramu 1.6 kwa siku kwa wiki 12, namba ya juu ya presha ikashuka kama 7 na ya chini kama 5 walipopimwa kliniki. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi uliokusanya majaribio 25 yenye watu zaidi ya 1,000, dozi kuanzia nusu gramu hadi gramu 6 kwa siku, wastani ukawa namba ya juu ya presha inashuka kama 4, ya chini kama 1.5, sukari ya asubuhi kabla ya kula inashuka kama 0.3 kwa vipimo vyetu vya mmol, na mafuta ya damu aina ya trigliseridi nayo yanapungua kidogo.

Sasa zitafsiri hizo namba kwa akili ya nyumbani. Mzee wangu ambaye presha yake ni 160, akishuka 4 yuko 156. Bado ni mgonjwa! Bado anahitaji dawa zake. Ndo maana nasikitika sana mtu akija kuniambia ameacha amlodipini, dawa yake ya presha, kwa sababu kapata kopo la taurini, hiyo ni biashara ya kiharusi. Namba ndogo kama zile zinamfaa mtu aliye mpakani, 130 na kitu, ambaye pia anapunguza chumvi na anatembea, basi.

Ya pili ni mazoezi. Tafiti zinaonyesha ukimeza gramu 1 hadi 6 kabla ya mazoezi ya pumzi ndefu kama kukimbia au baiskeli unaweza kuongeza kidogo uwezo wa kuvumilia. Kidogo. Haikujengei kifua. Kwa wachezaji wanaopimwa, taurini haipo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kuzuia dawa za kusisimua michezoni, ila poda za mchanganyiko za kabla ya mazoezi ni hadithi nyingine maana humo ndani unaweza kukuta vitu ambavyo havijaandikwa.

Alafu ujana. Hii ilianza Juni 2023, jarida la Science lilitoa utafiti ulioongozwa na Vijay Yadav wa Chuo Kikuu cha Columbia: panya wa makamo waliopewa taurini waliishi muda mrefu zaidi kwa asilimia 10 hadi 12, minyoo nayo ikaongeza, na nyani wakaonekana na mifupa bora na uzito mzuri. Habari ikazunguka dunia nzima, makopo yakauzika. Lakini mwaka 2025 jarida hilo hilo likatoa utafiti wa taasisi ya uzee ya serikali ya Marekani ukasema kwa binadamu, nyani na panya walioangaliwa, taurini kwenye damu haishuki kwa uhakika kadiri umri unavyoenda, wengine inabaki palepale na wengine inapanda. Kwaiyo ile hoja ya "unazeeka kwa sababu taurini imeisha" imeyumba vibaya. Hamna jaribio lililoonyesha binadamu anaishi zaidi kwa kumeza taurini, na anayekuuzia kwa hoja hiyo anakuuzia panya.

Nguvu za kiume? Wanaume wananong'ona kwenye kaunta, nami nawajibu kwa sauti ya kawaida: kwa binadamu ushahidi hauko. Kaka ukiwa na tatizo hilo, kapime sukari na presha kwanza, maana mara nyingi mishipa ndo inakutumia taarifa.

Kuna jambo moja la kweli ambalo linapotoshwa. Japani madaktari wamekuwa wakiitumia taurini kama dawa ya nyongeza kwa moyo uliochoka tangu miaka ya 1980. Ni nyongeza, chini ya daktari, juu ya dawa nyingine. Haimaanishi bibi yako aliyevimba miguu umpe poda nyumbani.

Nani asiguse

Hapa naomba usome taratibu hata kama wewe ni mzima, kwa sababu utakuja kumnunulia mtu.

Wenye ugonjwa wa figo, hasa wanaosafishwa damu kwa mashine. Taurini iliyozidi inatolewa na figo. Figo zikishindwa inarundikana, na wagonjwa wa aina hiyo waliowahi kupewa dozi kubwa walipata kizunguzungu kikali. Tatizo la figo huku kwetu ni kwamba watu wengi hawajui kama wanalo, presha ya muda mrefu na sukari vinakula figo kimya kimya. Kwaiyo kama una presha, sukari, au umekuwa ukimeza diklofenaki za mgongo kila wiki, nenda kapime kreatinini kwanza, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zikoje, hospitali ya Bombo wanapima na vituo vingine vingi pia, ndo uje kuongelea saplimenti.

Wanaotumia dawa za presha au sukari. Sio marufuku moja kwa moja, ila taurini inashusha kidogo yale yale ambayo dawa inashusha, mtu anaweza kujikuta presha iko chini, akisimama anaona giza. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari vya glibenklamaidi awe makini zaidi, sukari ikishuka ghafla ni hatari kuliko ikipanda kidogo. Mwambie daktari wako kabla, sio baada.

Wenye saratani ya damu. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester iliyoonyesha, kwenye panya na kwenye seli za binadamu maabara, kwamba seli za saratani hiyo zinachukua taurini kutoka kwenye uboho na kuitumia kama kuni. Haimaanishi taurini inaleta saratani kwa mtu mzima, hilo halijaonyeshwa. Ila kwa mgonjwa ni sababu tosha ya kukaa mbali.

Wajawazito na wanaonyonyesha, kwa sababu vidonge havijachunguzwa vya kutosha kwao. Watoto na vijana wa shule pia, hawana haja nayo.

Hesabu unachokula tayari

Mtu anayekula nyama na samaki kwa kawaida anapata kama miligramu 40 hadi 400 za taurini kwa siku. Sisi watu wa pwani tuna bahati kwa sababu vinavyoongoza viko baharini: jamii ya kome na kombe wanaweza kufika miligramu 500 na zaidi kwa gramu 100, pweza na ngisi wanapita 300. Mapaja ya kuku yana kama 170 wakati kifua hakifiki 20. Nyama ya ng'ombe kama 40, kamba wa baharini wako hapo hapo, maziwa ni kidogo sana, na maharage, mchicha na ugali ni sifuri.

Sasa nenda jioni pale anapokaa muuza pweza. Ana ile sufuria yake inachemka, pweza mwekundu kaning'inia au kalala kwenye ubao, anakata vipande vidogo kwa kisu chembamba, anachomeka vijiti vya meno, pilipili na ndimu pembeni, alafu anakuchotea supu kwenye kikombe. Wengi wanakula vipande na supu wanaonja tu. Lakini taurini inayeyuka kwenye maji, pweza akichemka muda wote ule sehemu nzuri ya taurini yake inahamia kwenye supu. Ukitaka taurini ya pweza, kunywa supu. Nyumbani pia ukichemsha ngisi au kombe usimwage yale maji, pikia mchuzi. Angalia chumvi tu kama una presha, maana supu yenye chumvi kali itakurudisha ulikotoka.

Kwa mtu wa kawaida asiye na lengo maalum, ushauri wangu ni uishie hapa. Pesa ya kopo inanunua pweza na samaki, na humo unapata protini, madini ya ayodini na zinki ambavyo kopo halina.

Kama umeamua kununua

Nunua taurini peke yake. Kwenye lebo sehemu ya viambato pawe na neno moja, kama ni kapsuli basi na ganda lake. Ukiona mchanganyiko wenye jina la kupendeza na jumla ya gramu bila kuonyesha kila kimoja kiko kiasi gani, rudisha kwenye shelfu. Angalia jina la mtengenezaji, namba ya bachi, tarehe ya kuisha na lakiri ya mdomo wa kopo kama haijaguswa. Poda inayopimwa kwenye vifuko vya nailoni na kuuzwa rejareja usichukue kabisa hata kama muuzaji ni rafiki, hamna anayejua humo ndani kuna nini. Kama unaagiza mtandaoni, alama za Informed Sport au NSF zinamaanisha bidhaa imepimwa na watu wengine nje ya kiwanda.

Soma pia "kwa huduma moja", yani kiasi cha kumeza kwa mara moja. Kopo linaweza kuandikwa 1,000 kwa herufi kubwa mbele, alafu nyuma unakuta hiyo ni kwa kapsuli mbili.

Dozi

Anza na miligramu 500 kwa siku kwa wiki ya kwanza, pamoja na chakula kama tumbo lako ni jepesi. Ukiona sawa panda hadi 1,000, na kwa lengo la presha wengi waliofanyiwa utafiti walikuwa kati ya gramu 1.5 na 3, imegawanywa asubuhi na jioni, kwa sababu taurini haikai sana kwenye damu, inafika kileleni ndani ya saa moja na nusu hivi alafu inashuka haraka. Gramu 3 kwa siku ndo kiwango ambacho wachambuzi wa usalama mwaka 2008 walisema kwa watu wazima wenye afya kina ushahidi mzuri wa kutoleta madhara. Wapo waliopewa 6 kwenye majaribio, lakini walikuwa wanaangaliwa. Wewe nyumbani ishia 3.

Kwa mazoezi meza gramu 1 au 2 saa moja kabla.

Kuhusu kupima poda, kijiko cha chai cha nyumbani ni mtego. Kikiwa sawa na mdomo kinaweza kubeba gramu 4 na kikiwa na kichuguu zaidi, kwaiyo mtu anadhani anakunywa kidogo kumbe amepita dozi ya siku nzima kwa mkupuo mmoja. Tumia kijiko cha plastiki kilichomo kwenye kopo, au mizani ndogo ya dijitali, au chagua kapsuli uachane na usumbufu.

Pima, usikisie

Hii ndo hatua ambayo watu hawafanyi na ndo inayotofautisha aliyesaidika na aliyejifurahisha. Wiki moja kabla hujaanza, pima presha kila asubuhi na jioni na uandike kwenye daftari. Kaa umetulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla. Pima mara mbili, andika ya pili pia. Endelea na taurini, alafu wiki ya 8 na wiki ya 12 rudia wiki nzima ya kupima vile vile. Usibadilishe mambo matano kwa wakati mmoja, ukianza taurini, kutembea na kuacha chumvi siku moja hutajua kipi kimefanya kazi.

Wastani haujasogea baada ya wiki 12? Acha, hela yako fanyia jambo lingine. Na kama vipimo vyako vinagonga 140 kwa 90 na kuendelea mara kwa mara, wewe ni wa kliniki. Ukiona 180 kwa 120 na kichwa kinauma, kifua kinabana au ulimi mzito, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa turudi kwa kijana wa bodaboda

Kopo la Red Bull la mililita 250 lina taurini miligramu 1,000, kafeini miligramu 80 na sukari gramu 27. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilikagua mwaka 2009 ikasema taurini kwa kiwango cha vinywaji hivi haileti wasiwasi wa kiafya. Ufaransa nayo iliyokuwa imekizuia kinywaji hicho kwa miaka mingi ilikiruhusu 2008. Kwaiyo mama, taurini sio inayomdundisha moyo mwanao. Ni kafeini.

EFSA hao hao mwaka 2015 walisema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa mkupuo na 400 kwa siku, na mjamzito 200 kwa siku nzima. Kijana akinywa makopo manne ya aina hiyo usiku ana 320, ongeza kahawa chungu ya kijiweni na soda ya kola, amepita. Sukari ni gramu 108, yani zaidi ya vijiko 25 vya chai. Anafanya hivyo kila usiku kwa sababu abiria wanashuka kwenye mabasi ya usiku, au ni dereva wa lori anayekata Segera bila kulala, na mwili unaodai usingizi haulipwi kwa enaji, unacheleweshwa tu, alafu unadai ukiwa kwenye kona. Hilo ndo linaniuma kuliko kitu kingine chochote kwenye mada hii.

Kinachofaa kwake: asizidishe kopo moja kwa zamu na lisiwe ndani ya saa sita kabla ya kulala, maji mengi, na akisikia kope nzito apaki na kulala dakika 20. Asome lebo kwa sababu vinywaji vinatofautiana, chupa zingine ni kubwa na kafeini yake ni mara mbili. Asichanganye na pombe kamwe, enaji inaficha ulevi bila kuuondoa, mtu anajiona mzima na kupanda pikipiki. Na mdogo wake wa sekondari asinywe kabisa, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishasema tangu 2011 kwamba enaji hazina nafasi kwa watoto na vijana wadogo.

Lini uache

Kichefuchefu kidogo, tumbo kuvuruga au kichwa kuuma siku za mwanzo vinaweza kuisha ukipunguza dozi au ukimeza na chakula. Kizunguzungu unaposimama, moyo kwenda mbio, vipele, uso kuvimba, au mkojo kupungua: acha siku hiyo hiyo na uende kituo cha afya. Beba kopo lenyewe pamoja na dawa zako zote, usimuelezee daktari kwa mdomo kwamba "ni vile vya nguvu", hawezi kukusaidia na maelezo hayo. Kama una upasuaji umepangwa, mwambie daktari mapema kwamba unatumia.

Jambo la mwisho ni utunzaji, kwa sababu unyevu wa Tanga hausamehe poda. Funga kopo kwa nguvu kila ukimaliza, kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kiache humo humo, usichote kwa kijiko chenye maji, weka kabatini mbali na jiko na mbali na watoto. Poda ikigeuka madonge magumu, ikibadilika rangi au ikitoa harufu, mwaga.